Zimwi, Ngoma na Kengele: Ngano katika Vitabu vya Picha na Historia ya Utumwa Kisauni

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna ngano inavyoweza kutumiwa katika vitabu vya picha kuwasimulia watoto wadogo historia nzito, yaani historia iliyobeba mauti, dhuluma na aibu. Kwa kitabu cha picha hatumaanishi kitabu cha hadithi kilichotiwa michoro miwili mitatu ya kukipamba. Tunamaanisha kitabu ambacho maneno na picha huisimulia hadithi kwa ubia, hata mojawapo likiondolewa hadithi huwa pungufu. Mfano wetu mkuu ni historia ya utumwa katika eneo la Kisauni, upande wa bara wa Mombasa, na mtoto tunayemfikiria ni yule anayekulia Mjambere.

Tumemchagua mtoto huyo kwa sababu iliyo wazi. Anapopanda matatu kwenda mjini, hupita mahali paitwapo Kengeleni, penye mnara wa kengele ya makazi ya Freretown, yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Jina la mahali analijua kabla hajajua kusoma. Akimwuliza mtu mzima kengele hiyo ni ya nini, jibu atakalopewa litategemea sana nyumba anayotoka. Darasani mwake huenda wakaketi dawati moja mjukuu wa waliotekwa, mjukuu wa waliomiliki watu mashambani, na mjukuu wa waliowaweka watoto wao rahani wakati wa njaa. Pengine mtoto mmoja akawa na wahenga hao wote watatu. Neno “mtumwa” lingali ni tusi linalouma. Basi suala la namna ya kumsimulia mtoto huyu si la fani peke yake. Kitabu kibaya kinaweza kulipasua darasa, na ukimya nao umekwisha kulipasua kwa njia yake.

Hoja tutakayoitetea ni hii: ngano inafaa kwa kazi hii kuliko wengi wetu tunavyodhani, kwa sharti kwamba tuisome yote. Kosa la kawaida ni kulitazama zimwi peke yake na kuwasahau wale wanaolilisha.

2. Historia iliyo jirani

Kabla ya kuingia katika ngano, inafaa tuikumbuke historia yenyewe kwa ufupi. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la watumwa la Unguja. Mkataba huo ulitokana na ujumbe wa Sir Bartle Frere aliyetumwa na serikali ya Uingereza, na ni jina lake walilolitumia wamisionari wa Church Missionary Society walipoanzisha Freretown miaka miwili baadaye. Msimamizi wake wa kwanza, William Salter Price, alikuwa amefanya kazi Nasik, Bara Hindi, walikokuwa wakilelewa Waafrika waliookolewa majahazini. Baadhi ya Waafrika hao walikuwa wamekwisha kurejea Mombasa na Rabai, wakawa walimu na mafundi.

Waliokusanywa Freretown walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo wengi. Walikuja na lugha zao, lakini walipaswa kuzungumza wao kwa wao na majirani zao, na lugha iliyowakutanisha ikawa Kiswahili. Wanafunzi wa lugha wasilipuuze jambo hili. Kiswahili cha upande huu wa bara kimo ndani yake kimya cha lugha zilizoachwa njiani.

Kukomeshwa kwa biashara ya baharini hakukuwa mwisho wa utumwa wenyewe. Frederick Cooper, katika utafiti wake wa mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashambani, ameonyesha jinsi karafuu za Unguja na Pemba, pamoja na mtama na ufuta wa Malindi, zilivyotegemea nguvu za watumwa. Katika pwani ya Kenya hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1907 tu. Katika miaka hiyo zaidi ya thelathini watu wengi hawakungoja sheria wala manowari, walitoroka. Watoro walijenga makazi yao wenyewe, Fuladoyo likiwa maarufu miongoni mwake, na wengi wakakimbilia Rabai, ambako William Jones, yeye mwenyewe akiwa mtu aliyeonja utumwa na kulelewa Bara Hindi, aliwapokea. Wenye watumwa walipodai watu wao, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alikubali kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kwa hivyo uhuru wa watu hao ulipatikana kwanza kwa miguu yao, ndipo ukaandikwa karatasini.

3. Sarufi ya ukimya

Tunapowaandikia watoto juu ya mambo haya, huwa tunakimbilia kauli ya kutendwa. Tuchukue sentensi ya namna hii: watu walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakasafirishwa hadi pwani, wakauzwa. Ni Kiswahili safi, na kila kitenzi ni cha kweli. Lakini mtendaji yuko wapi? Hakuna “na” ya kumtaja. Kauli hii inampa mtoto mtu anayeumia bila ya mtu anayeumiza, kana kwamba utumwa ulikuwa mafuriko au ukame. Mwandishi haongopi, anakwepa. Naye hukwepa kwa sababu anayoijua vyema: akimtaja mtendaji kwa kabila au kwa dini, atakuwa amewanyooshea kidole watoto walioketi mbele yake.

Ngano hufanya kinyume cha hayo. Katika ngano mtendaji hutajwa daima, na kitenzi huwa katika kauli ya kutenda: zimwi likamshika, likamtia, likambeba, likaenda zake. Hakuna mtoto anayeuliza ni nani aliyefanya. Ila ngano nayo ina ukwepaji wake, maana mtendaji huyo si mtu. Hana kwao, hana ukoo, hana deni wala faida anayoitafuta. Hula kwa sababu ni zimwi.

Basi tunazo njia mbili, na kila moja ina kilema chake. Kitabu cha shule humpa mtoto watu wa kweli wasio na mtendaji. Ngano humpa mtendaji asiye mtu. Kazi ya mwandishi wa kitabu cha picha ni kuziunganisha njia hizi ili kila moja izibe pengo la mwenziwe.

Hata upatanisho wa kisarufi unaweza kumsaidia. Neno “zimwi” hupokea kiambishi cha li-, kama jitu na joka: zimwi likaja, likasema. Msimulizi akiacha li- na kuanza kusema “akaja, akasema”, msikilizaji huhisi kwamba kitisho kimevaa utu. Mwandishi mwangalifu anaweza kubaki na li- porini, kisha akageukia a- pale zimwi linapofika sokoni na kuanza kupatana bei. Mtoto hataeleza kanuni hiyo, lakini sikio lake litaisikia: kumbe aliyekuwa zimwi ni mtu.

4. Waliotangulia

Si kweli kwamba njia hii haijapata kupitwa katika fasihi yetu. Ebrahim Hussein, baada ya kuiandika historia ya Maji Maji waziwazi katika Kinjeketile (1969), aligeukia umbo la ngano katika Ngao ya Jadi (1976), ambamo joka Sesota linabeba historia ya ukoloni na ya yale yaliyoufuata. Huo ulikuwa utunzi wa watu wazima. Kwa upande wa watoto na vijana, Ngũgĩ wa Thiong’o alitoa kwa Kigĩkũyũ mfululizo wa hadithi za Njamba Nene kuanzia mwaka 1982, zikiwa na michoro ya Emmanuel Kariuki. Katika hadithi ya kwanza basi la shule linaota mabawa na kuwabwaga watoto porini; katika ya pili mtoto yuleyule anaingia katika vita vya Mau Mau. Muujiza na hali ya hatari ya miaka ya 1950 vinakaa katika ulimwengu mmoja, na muujiza hauifanyi historia kuwa nyepesi. M. M. Mulokozi naye aliwaandikia vijana juu ya vita vya Wahehe na Wajerumani katika Ngome ya Mianzi na Moto wa Mianzi, lakini yeye alichagua njia ya riwaya ya kihistoria, isiyoegemea ngano.

Nje ya bara letu, kazi mbili zinatuhusu hasa. Ya kwanza ni Terrible Things ya Eve Bunting (1980), inayowasimulia watoto maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya kwa mfano wa wanyama wa msituni. Vitisho vinakuja mara kwa mara na kuchukua aina moja ya wanyama kila vinapokuja, na wanaobaki hupata sababu ya kusema kwamba waliochukuliwa hawakuwa na maana. Ya pili ni The People Could Fly ya Virginia Hamilton (1985), yenye picha za Leo na Diane Dillon. Kitabu hicho kimekusanya ngano za Waafrika wa Marekani, na ngano iliyokipa jina inahusu watumwa waliokumbuka maneno ya kale wakaruka hewani na kuondoka mashambani. Uzito wa ngano hiyo hauko kwa walioruka peke yao. Uko pia kwa wale wasioweza kuruka, waliobaki chini na kuisimulia. Hamilton hakuwafuta hao ili mwisho upendeze, na huo ni uaminifu ambao nasi tunaweza kujifunza.

5. Msichana ndani ya ngoma

Miongoni mwa ngano zetu, iliyo karibu zaidi na jambo tunalolijadili ni ile ya msichana aliyetiwa ngomani. Inasimuliwa kwa sura nyingi katika Afrika ya Kibantu, na msomaji bila shaka anayo sura yake aliyoisikia utotoni. Kiini chake ni hiki. Wasichana wanakwenda pwani au mtoni; mmoja anasahau kombe au ushanga wake juu ya mwamba; wenziwe hawakubali kurudi naye; anarudi peke yake na kulikuta zimwi. Zimwi linamtia ndani ya ngoma na kuzunguka naye kijiji hata kijiji. Kila linapoipiga ngoma, msichana huimba, na watu hustaajabia ngoma yenye sauti nzuri namna hiyo. Mwishowe linafika kijijini kwao msichana. Mama au dada anaitambua sauti. Zimwi linashughulishwa kwa chakula au kutumwa maji. Ngoma inafunguliwa, msichana anatolewa, na mahali pake panatiwa nyuki au nyoka.

Hatudai kwamba ngano hii ilitungwa kwa ajili ya utumwa. Kuenea kwake kunatuonya tusiseme hivyo. Tunachosema ni kwamba umbo lake linaupokea utumwa pasipo kulazimishwa. Limo tukio la kutekwa peke yako, mbali na kwenu. Imo safari ndefu ya kijiji baada ya kijiji. Umo mwili uliofungwa na kazi inayofanywa kwa faida ya aliyefunga. Limo pia jina lililopotea, kwa kuwa wanaosikiliza husikia ngoma na hawasikii mtu.

Lakini liko jambo jingine ambalo, kwa maoni yetu, ndilo moyo wa ngano hii, na ambalo wengi hulipita haraka: zimwi hulipwa. Katika kila kijiji watu huleta nafaka, kuku na pombe ili waisikie tena ngoma ile. Ni watu wema, hawajamteka mtu, wengi wao wana binti wa umri uleule. Wao ndio wanaolifanya zimwi lizidi kutembea. Lau wangekataa kulipa katika kijiji cha kwanza, zimwi lisingekuwa na sababu ya kufika cha pili.

Hapa ngano inaijua historia kuliko kitabu cha shule. Biashara ya watumwa haikuendeshwa na watekaji peke yao. Aliyenunua karafuu alikuwa msikilizaji wa ngoma. Kadhalika aliyekula mtama wa Malindi na aliyeazima fedha ya msafara kwa riba. Na ngano haiwatii wasikilizaji katika kabila moja. Ni “watu wa kijiji”, ambao msomaji wa kila ukoo anaweza kuwa mmoja wao. Tunapomwonyesha mtoto wa Mjambere vijiji hivyo, hatumwulizi, “Babu yako alikuwa nani?” Tunamwuliza, “Wewe ungeisikiaje ngoma hiyo?”

Methali yetu isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha inaongeza ukali mwingine. Kwa kawaida tunaitumia kumfariji mtu kwamba heri baya alilolizoea. Hata hivyo methali hiyo inakiri kwamba zimwi linaweza kuwa mtu anayekujua. Katika njaa ya mwaka 1884, ambayo Wamijikenda waliiita Mwakisenge, zilikuwako jamaa zilizowaweka watoto rahani kwa Waswahili wa pwani ili wapate nafaka, na baadhi ya waliowekwa rahani hawakukombolewa tena. Aliyewatoa alikuwa mjomba au baba, naye aliwatoa ili wengine wasife. Kitabu kinachoweza kumbeba mzazi huyo bila ya kumtakasa na bila ya kumgeuza zimwi kitakuwa kimefanya kazi kubwa.

6. Sura ya zimwi

Msimulizi wa mdomo ana bahati moja: halazimiki kulichora zimwi. Husema lina jicho moja, au lina ukucha mrefu, na kila mtoto hujitengenezea lake kichwani. Mchoraji hana bahati hiyo. Karatasi inamtaka aamue. Je, zimwi livae nini? Rangi yake iwe ipi? Likivaa kanzu na kilemba na kuchomeka jambia, kitabu kimekwisha kusema jambo ambalo maneno hayakulisema, na nusu ya darasa la Mjambere itamwona zimwi aliyefanana na babu aliye sebuleni. Likivalishwa ngozi na manyoya ya mtu wa bara, kosa ni lilelile, limegeuzwa upande tu. Waarabu, Waswahili, Wayao na Wazungu wenye mashamba katika visiwa vya Bahari ya Hindi wote walikuwa na mikono yao katika biashara hii, na picha moja ya zimwi lililovaa kikabila hufuta mikono ya wengine.

Stephen Gammell, aliyekichorea kitabu cha Bunting, alilitatua tatizo hili kwa kuvinyima vitisho vyake umbo. Ni vivuli vinavyojaa juu ya miti, bila uso unaoweza kutambulikana. Njia hiyo inawaepusha watu na lawama isiyo haki, lakini ikitumiwa peke yake inaturudisha kwenye kile kilema cha kwanza, cha dhuluma isiyo na mtendaji. Bunting aliziba pengo hilo kwa maneno ya wanyama wanaobaki: dhambi inayoonekana wazi katika kitabu chake ni ya majirani.

Kwa ngano ya ngoma tunapendekeza njia inayofanana na hiyo. Zimwi lisichorwe uso. Ionekane mikono yake, kivuli chake, na ngoma ambayo kila baada ya kurasa chache inazidi kuwa kubwa. Nyuso zichorwe za wasikilizaji, kwa uangalifu na upendo wote alio nao mchoraji: mzee wa kofia ya vito, mama wa hando, kijana wa shuka, mtoto aliyebebwa mgongoni, baharia, mwenye duka. Mikononi mwao wana vibaba vya nafaka. Maneno ya ukurasa huo yawe machache, yasiseme zaidi ya kwamba watu walifurahi na wakatoa. Mtoto asomaye anajua yaliyomo ndani ya ngoma. Waliochorwa hawajui, au wamechagua wasijue. Pengo hilo baina ya ajuacho msomaji na kinachoonekana ni jambo ambalo kitabu cha picha hulimudu kuliko utanzu mwingine wowote wa maandishi.

7. Nani aifunguaye ngoma

Suala la mwisho ni la ukombozi. Kitabu cha Kiswahili kilichoeneza zaidi historia ya Freretown ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa makazi hayo, na aliyoyaandika yalitoka kwa wazee waliotekwa, wakaokolewa na manowari ya Kiingereza, wakaletwa Kisauni. Thamani ya kitabu hicho kama ushahidi ni kubwa. Walakini umbo lake ni la ngano yenye mwokozi mmoja: zimwi ni Mwarabu, mwenye kuifungua ngoma ni Mwingereza, na aliyetiwa ndani kazi yake ni kungoja na kushukuru. Kiliandikwa wakati wa ukoloni, na ukoloni ulikuwa na haja ya hadithi yenye mwisho wa namna hiyo.

Historia tuliyoieleza juu inautikisa mwisho huo. Watoro wa Fuladoyo na Rabai hawakufunguliwa na mtu. Hata ndani ya Freretown, mwanzoni mwa miaka ya 1880 usimamizi wa makazi ulilaumiwa kwa kuwapiga viboko na kuwafunga watu waliokwisha kuitwa huru. Kengele iliyowaonya juu ya hatari ndiyo iliyopanga pia saa zao za kazi na za sala. Tukimwambia mtoto kwamba kengele ililia na watu wote wakaishi raha mustarehe, tutakuwa tumemdanganya, naye akikua atatambua. Sheria ya mwaka 1907 iliondoa utumwa bila ya kuwapa ardhi waliokuwa watumwa, na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitambua madai ya wale walioweza kuthibitisha umiliki. Mtu aliyekuwa yeye mwenyewe akimilikiwa angethibitisha nini? Anayetaka kuelewa kwa nini suala la uskwota ni zito hata leo katika upande wa bara wa Mombasa hana budi kuanzia hapo.

Ngano ya ngoma, kwa bahati njema, haina mwokozi wa namna ya Mbotela. Ni kweli kwamba ndugu ndio wanaoifungua ngoma, lakini wasingeifungua kama msichana asingeimba kwa namna ya kujitambulisha. Zimwi limemlazimisha aimbe. Yeye anaugeuza wimbo wa kulazimishwa kuwa ujumbe. Ndani ya giza la ngoma ana jambo moja ambalo hajanyang’anywa, nalo ni lugha ya kwao. Ukombozi unaanzia kwake. Mwandishi anayetaka kuwaenzi watoro hahitaji kuibadili ngano. Inatosha asiifupishe sehemu hiyo, na amwachie msichana maneno yake.

Ipo pia haja ya kufikiri juu ya kufungia hadithi. Fomula zetu, paukwa na pakawa, pamoja na hapo zamani za kale, huitoa hadithi katika wakati. Huo ni msaada kwa mtoto mwenye umri wa miaka sita, kwa kuwa humpa mahali salama pa kuogopea. Lakini historia nzito inadai kwamba mahali fulani katika kitabu wakati urudi. Tunapendekeza ukurasa mmoja baada ya mwisho wa ngano, wenye mchoro wa mnara wa Kengeleni kama unavyoonekana leo, magari yakiupita, na sentensi chache zenye miaka: 1873, 1875, 1889, 1907. Hapo kauli ya kutendwa ipewe mtendaji wake. Isiandikwe kwamba watu waliuzwa. Iandikwe kwamba watu waliwauza watu, na watu wakawanunua. Mtoto asiyeuhitaji ukurasa huo leo atafunika kitabu. Atakaporudi kwake akiwa na miaka kumi, ataukuta unamngoja.

8. Pingamizi mbili

Wako wanaosema kwamba mtoto mdogo asibebeshwe mzigo huu hata kidogo. Jibu letu ni kwamba amekwisha kuubeba: ameubeba katika jina la kituo cha matatu, katika tusi la uwanjani, na katika kunyamaza kwa bibi yake. Ngano haimletei hofu mpya. Inampa umbo la kuishika hofu aliyo nayo.

Wengine, hasa wanahistoria, huona kwamba mfano ni uongo na kwamba zimwi huharibu ushahidi. Pingamizi hili lina nguvu, na ndilo lililotufanya tudai ukurasa wa miaka na majina. Hata hivyo tukumbuke kwamba hati na takwimu huhifadhi hasa sauti ya waliokuwa na daftari. Aliyekuwa ndani ya ngoma aliimba, na wimbo hauhesabiki katika daftari la forodha.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ngano inaweza kubeba historia ya utumwa hadi kwa mtoto wa kitabu cha picha, kwa masharti matatu. Zimwi lisivalishwe kabila. Wasikilizaji waliolipa wachorwe kwa uwazi, kwa kuwa wao ndio kiungo baina ya uovu wa porini na maisha ya kawaida ya kijijini. Na aliyefungwa asinyang’anywe sehemu yake katika kujifungua kwake. Masharti haya hatukuyaagiza kutoka nje. Yamo ndani ya ngano yenyewe, kwa yule anayeisikiliza hadi mwisho.

Kazi inayobaki ni ya vitendo, na idara zetu zina nafasi ndani yake. Sura za ngano hii zinazosimuliwa Kisauni, Likoni na Changamwe, kwa Kiswahili na kwa lugha za Kimijikenda, zikusanywe wangali hai wanaozijua, na majibu ya zimwi na ya wasikilizaji yalinganishwe kijiji kwa kijiji. Wachoraji na walimu wa shule za msingi waketi pamoja na wanafasihi kabla ya mswada kwenda kwa mchapishaji, badala ya kuitwa baada ya kitabu kutoka. Na kabla ya kupigwa chapa, rasimu isomwe kwa sauti katika darasa la Mjambere lenye watoto wa nyumba zote. Wakiuliza kwa nini watu wa kijiji hawakuifungua ngoma mapema, kitabu kiko tayari.